Mizani Anamnyima Baba Chai

Mara ya pili alipoanguka mtihani wa usajili, Mizani hakumwambia mtu. Aliingia ofisi ya lishe kama kawaida, akavaa koti jeupe, akachukua utepe wa kupimia mikono ya wagonjwa na kwenda wodini. Haikusaidia. Kabla ya saa ya chakula cha mchana hata mfagizi wa korido alikuwa anamwangalia kwa huruma.

Mizani lilikuwa jina la mtaani. Alipewa na watoto wa jirani enzi anasoma chuo, alipokuwa akijitolea kupima watoto wachanga kliniki na kurudi nyumbani na mizani ya kuning'iniza begani. Jina likamganda, hata baba yake, fundi cherehani, akalishika. "Huyu Mizani wangu atawapunguza nyie," aliwaambia wateja, "mimi nitapunguza nguo zenu. Biashara ya familia."

Shahada alikuwa nayo. Mafunzo ya vitendo alishamaliza. Mtihani wa kuandika aliupita vizuri tu. Kilichomshinda ni ule wa mdomo: chumba kimoja, meza ndefu, watahini watatu, na mgonjwa wa kwenye karatasi ambaye lazima umpangie chakula huku wanakukodolea macho. Mara ya kwanza ulimi uligoma. Mara ya pili ulimi ulifanya kazi, zikagoma hesabu. Alimpangia mgonjwa wa figo protini ya kumtosha mnyanyua vyuma, mpaka mtahini mmoja akavua miwani. Baraza la usajili lilimruhusu kujaribu mara moja tu zaidi. Akianguka, anaanza mafunzo ya vitendo upya. Na mkuu wa lishe pale hospitalini, mama mmoja asiyejua kuzungukazunguka, alishamwambia: "Mdogo wangu, hii nafasi yako ya msaidizi naishikilia kwa kucha. Mwaka ukiisha hujasajiliwa, wanaleta mwingine."

Basi akawa anasoma. Katikati ya kusoma huko, baba akapigwa na kiharusi.

Kilimkuta asubuhi, amekaa kitandani anavaa soksi. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda kando. Hospitali walimhangaikia, akanusurika, ila koo halikurudi. Kila alichomeza kilipotea njia kikaelekea mapafuni. Wakampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, na alipotulia wakamruhusu kwenda nyumbani. Maelekezo yalikuwa mafupi: chakula chepesi kwa bomba la sindano kupitia mpira, mgonjwa akiwa ameinuliwa. Mdomoni kisiingie kitu mpaka mtaalamu wa kumeza ampime tena.

Maelekezo hayo Mizani alikuwa amewapa watu wengi, tena kwa sauti ya upole. Nyumbani kwake sauti ile ilimkimbia.

Maana baba alitaka chai. Maneno yake mengi yalikuwa yamekwenda, lakini hilo lilibaki, limekwaruzika kidogo tu. "Shai." Alilisema akiamka. Alilisema Mizani akimpandishia mito mgongoni. Huyu alikuwa mtu aliyeshona maisha yake yote kikombe kikiwa pembeni ya cherehani, na sasa anasikia vijiko vinagonga vikombe chumba cha pili, yeye anasukumiwa maziwa puani. Mizani akawa anakunywa chai yake jikoni, amesimama, mlango umefungwa, kama mwizi.

"Bado kidogo, Baba," alimwambia. "Koo likipata nguvu."

"Shai."

"Nikikupa nitakuua, Baba."

Mzee alimtazama, kisha akageuzia uso ukutani. Mpira hakuukataa siku ile. Alichokataa ni kumwangalia mwanawe.

Mchana, Mizani akiwa kazini, aliyebaki na mgonjwa ni Shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye sauti ya kufungua milango. Alimpenda kaka yake kupita maelezo, na mpira ule aliuchukia tangu siku ya kwanza.

"Mtu mzima anajazwa kama tairi," alisema. "Ndiyo mliyofundishwa huko chuoni?"

"Shangazi, akinywa anapaliwa. Inaingia mapafuni."

"Mimi nimelea watoto, nimemuuguza mama yetu mpaka mwisho. Sijaona aliyekufa kwa chai."

"Amesema daktari, si mimi."

"Daktari sawa. Wewe je? Si juzi tu wamekuangusha? Wanaoijua hiyo kazi wamekataa kukupa cheti, halafu unataka mimi nikukabidhi roho ya kaka yangu?"

Mizani akainama kuosha bomba la sindano. Lingekuwa tusi lingemuuma kidogo tu. Lilikuwa swali, na ni swali alilojiuliza mwenyewe kila alipofungua daftari za chuo.

Wiki zikaenda hivyo. Alisoma huku mkono mmoja umeinua bomba, maziwa yakishuka taratibu kwenye mpira. Yeye aliyesomea chakula akawa anaishi kwa mkate mkavu, na koti likaanza kumpwaya. Siku moja ofisini mkuu wa lishe akamwita. "Leta mkono nikupime. Mtaalamu wa lishe mwenye utapiamlo, tutamweka kwenye bango gani?" Wote wawili wakacheka. Kisha Mizani akaenda stoo, akakaa juu ya katoni za maziwa ya unga, akalia mpaka mtu akagonga mlango anataka katoni.

Siku mbili kabla ya mtihani alitoka kazini jioni, na kabla hajafika mlangoni akasikia kikohozi. Aliingia mbio. Baba alikuwa ameegemea mto, kidevu kimelowa, anatabasamu kwa nusu ya uso. Shangazi alikuwa ameshika kikombe kitupu.

"Kamaliza chote!" alisema kwa furaha. "Mwone alivyochangamka!"

Kifua cha mzee kilikuwa kinatokota kama sufuria. Mizani hakupiga kelele. Alimwinamisha, akampigapiga mgongo, akafuta. Asubuhi homa ilikuwa imempanda, midomo imebadilika rangi. Wakamkimbiza hospitali kwa gari la jirani, Shangazi kiti cha nyuma amemkumbatia kaka yake.

Homa ya mapafu. Walimlaza, wakamwekea hewa. Daktari aliongea na Mizani kwa lugha ya wenye kazi, bila kupamba, na kila neno alilielewa. Siku hiyo alitamani asingekuwa amesoma chochote.

Alimfuata mkuu wa lishe. "Kesho siendi."

"Usipokwenda wanahesabu umeanguka."

"Na nikienda akafa?"

"Jibu la hilo sina. Nitakaa naye mimi mpaka urudi. Nenda."

Akaenda. Jinsi alivyofika kwenye kile chumba hakuwahi kukumbuka. Safari hii mgonjwa wa karatasi alikuwa mtoto aliyeungua kwa maji ya moto. Mizani akapiga hesabu za nguvu, za protini, za maji, akazisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma vituo vya treni. Hofu yote alikuwa ameiacha wodini. Huku ilibaki hesabu tupu.

"Mama yake mtoto amekataa mpira," akasema mtahini mmoja. "Utamwambia nini?"

"Nitamuuliza anaogopa nini."

"Halafu?"

"Halafu nitanyamaza nimsikilize. Mimi nyumbani kwangu sikufanya hivyo. Nilikuwa natoa amri tu."

Watahini wakatazamana. Mizani akajua amejimaliza. Aliwashukuru, akatoka, akapanda gari la kurudi hospitali bila hata kuuliza matokeo yatatoka lini.

Baba alikuwa hai. Lakini alikuwa ameung'oa mpira, wakaurudisha, akaung'oa tena. Siku chache baadaye daktari na mtaalamu wa kumeza wakawaita Mizani na Shangazi. Koo halina dalili ya kurudi, walisema, na mapafu yamechoka. Ama arudishiwe mpira na afungwe mikono, ama alishwe kidogo kidogo kwa mdomo kwa raha yake, wote wakijua hatari iliyopo. Walipomuuliza mwenyewe kuhusu mpira, alitikisa kichwa. Wakauliza tena, akatikisa tena.

Neno "mfungeni" lilifika mpaka kwenye ulimi wa Mizani. Alitaka kulisema, maana mpira ungempa baba wiki zaidi, pengine miezi. Akaitazama mikono ile iliyokata nguo za mtaa mzima.

"Msimfunge," akasema.

Alitengeneza chai yeye mwenyewe, akaifanya nzito kwa unga maalumu mpaka ikawa kama uji, akamkalisha baba wima, kidevu chini. Kijiko cha kwanza. Mzee akameza, akakohoa, akameza tena. Shangazi alitoka nje, hakuweza kutazama. Baba alifikiri kidogo, akakunja uso.

"Shukari," alisema.

"Haikutosha?"

"Hm-hm."

Mizani akacheka, akaongeza sukari, machozi yanamdondokea kwenye koti.

Fundi aliishi muda mfupi baada ya hapo. Alikufa mchana mmoja Shangazi akimkata kucha. Shangazi alidhani kaka yake amelala, akamaliza mkono wote ndipo akagundua. Matokeo yalitoka wakati msiba haujaisha. Mkuu wa lishe aliyaleta mwenyewe, akamnong'oneza Mizani sikioni: amefaulu. Jirani mmoja alitaka kupiga vigelegele, akajiziba mdomo. Mizani alisema asante, akaenda kuosha vikombe vya wageni.

Leo amesajiliwa, ana beji, na wagonjwa wengine humwita daktari hata akiwakatalia. Watu hudhani furaha ilikuja baadaye. Haikuja. Kilichokuja ni kazi.

Shangazi hakuomba msamaha, na Mizani hakuudai. Ila siku moja walikuwa wanakunja nguo za marehemu ili wazigawe, Shangazi akasimama na suruali mkononi.

"Wewe sasa ndiye mtaalamu," alisema, na sauti yake haikuwa na dhihaka hata kidogo. "Niambie ukweli. Ni mimi niliyemuua?"

Mizani alijua yote yanayoweza kujulikana kuhusu koo la baba yake. Alijua lingeweza kumshinda hata bila kikombe kile. Alijua pia lingeweza kupona.

"Sijui, Shangazi," alisema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, akailaza suruali juu ya kitanda, akaanza kuikunja upya.