Siku Tisa za Amin

Dada yangu Mwamvita ana mikono ya fundi na mdomo wa mnadani. Ukipita Keko, pale makochi yalipopangwa kando ya barabara, utamsikia kabla hujamwona. Mimi naranda mbao na kupigilia fremu, yeye anajaza sponji na kuvalisha vitambaa. Kazi tunagawana, sifa anachukua yeye. Wakija wateja Waarabu kutafuta majlisi, yale magodoro na mito ya kukalia chini, mimi hata sisogei. Anawapokea kwa Kiarabu, tena si cha salamu tu. Anawatania, anawapandishia bei huku wanacheka, na wakiondoka wanampungia mkono kama shangazi yao.

Hakukisoma darasani. Alikipata kwetu Temeke, akiwa na miaka sita, kwa ajili ya biskuti.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na duka la Mzee Masoud na mkewe, Bi Zubeida. Bibi alikuwa Mshihiri, aliletwa kutoka Shihr, huko Uarabuni, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba. Mzee alikaa kwenye mchele na mafuta ya taa, bibi akakaa kwenye biskuti na kashata, na kwenye himaya yake aliweka sharti. Watoto aliowapenda hawakuuziwa kwa Kiswahili. "Esh tibghin?" anakuuliza, unataka nini, na wewe ujibu kwa Kiarabu au urudi kwenu na shilingi yako. Ukijibu, unapata ulichonunua na kimoja cha nyongeza.

Mimi nilikuwa na miaka minane na akili nyingi za kizembe. Nilimpa Mwamvita hela yangu aniombee. Akaniombea miaka mitano, za nyongeza akala yeye. Akazoea kukaa kule mpaka magharibi, anachambua mchele na bibi, na haukupita muda wakawa wanagombana kwa lugha hiyo kama mama na mwanawe.

Watoto wa Bi Zubeida mwenyewe, Hudhaifa na Khulud, hawakukitaka. Wakiwa na wenzao wa shule, mama akiwaita kwa Kiarabu wanajibu kwa Kiswahili, harakaharaka, wakiangalia chini. Siwalaumu, mtoto anataka kufanana na mtaa. Bi Zubeida naye akachoka kulazimisha. Kiarabu chake kikabaki cha kuongea na mumewe, na Mzee alipofariki kikabaki cha kuongea na Mwamvita.

Mwaka jana Bi Zubeida alipatwa na kiharusi. Mwamvita alikuwa Tanga, ana kazi ya wiki tatu ya kuvalisha makochi ya hoteli mpya. Hospitali bibi hakusema kitu. Tulipomrudisha nyumbani ulimi ukafunguka, tukamshukuru Mungu, tukampigia dada simu kwamba bibi ana nafuu na yeye amalizie kazi ya watu. Ila Kiswahili kilikuwa kimekwenda chote. Miaka sitini amekitumia kugombana na wauza mkaa, halikubaki hata neno moja. Kilichobaki ni kile cha Shihr, kwa sauti ndogo, mdomo ukiwa umepinda upande.

Hapo ndipo tulipofanya ujinga wetu. Sisi ni Waislamu wa pwani, na Kiarabu tunakijua kwa sikio la madrasa na hitima. Sasa mtu mzima amelala kitandani, macho darini, anasema Kiarabu kwa unyenyekevu. Anafanya nini kama si kuomba dua? Jirani wa kwanza aliyemsikia aliinua viganja akasema, "Amin." Wa pili akafuata. Ikawa ndiyo desturi ya chumba kile.

Kula akakataa. Kijiko kikikaribia anageuza uso, anasema maneno marefu huku machozi yanamtoka, na sisi tunaitikia, "Amin, yaa Rabbi, amin." Wanawake wakasema bibi anaaga kwa uzuri, mmoja akatamani na safari yake iwe hivyo. Ustadhi alikuja mara mbili, zote akamkuta amelala, akasoma, akaondoka. Na mimi, sina pa kujificha, ndiye niliyekuwa naitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya nane havikupita vijiko viwili vya uji. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Hudhaifa akanivuta uani, akaniuliza kwa sauti ya chini habari za sanda. Nilikwenda Keko nikiwa sijielewi, nikampigia Mwamvita.

"Bibi anaondoka," nikamwambia. "Ila usihofu, yuko kwenye dua tu, kutwa kucha."

"Dua gani?"

"Mie n'tajuaje, Mwamvita? Anasema Kiarabu."

"Twalib, nakuja."

Kesho yake mchana alishuka stendi ya Mbezi Luis akaja moja kwa moja, begi mgongoni, vumbi la sponji bado kwenye nywele. Chumbani tulikuwa watu kumi na mbili na Yasini inasomwa. Bi Zubeida alipoiona sura yake akajitutumua kwenye mto, akaanza kusema. Sisi tukainua mikono.

"Amin," tukasema.

Mwamvita akageuka. "Nyie! Nyie mnaitikia nini?"

Yasini ikakatika.

"Anasema meno yanamchoma. Anasema yatoeni. Siku zote hizi bibi wa watu anawaombeni mmtoe meno, na nyie mnamwambia amin!"

Khulud akashika kifua. Meno yale ya bandia alikuwa akimvalisha yeye, kila asubuhi akishamwosha uso, kwa sababu mama yake hajapata kupokea mgeni bila meno. Alifanya kwa mapenzi matupu. Lakini taya lilikuwa limepinda na meno hayakukaa tena pale pake. Alipoyatoa, tuliona fizi imechubuka, kidonda chekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Khulud akaketi sakafuni, akaishika miguu ya mama yake, akalia kwa sauti.

Bi Zubeida akasema kitu.

"Anakwambia usilie," Mwamvita akatafsiri. "Alijua unataka apendeze. Sasa anataka uji. Mwembamba, uwe na iliki, na usiwe na sukari nyingi kama wa jana."

Alimaliza bakuli zima. Mimi nilitoka uani nikalia, wala sioni haya kulisema. Nilikuwa namlilia bibi, na nilikuwa nazililia biskuti zangu za miaka mitano ambazo sikutaka kuziomba mwenyewe.

Kidonda kilipona kwa maji ya chumvi na dawa ya zahanati. Mwamvita akawa anapita kila jioni akitoka kazini, anatufundisha maneno ya lazima: maji, njaa, nigeuze, panauma. Khulud anakaribia hamsini, anayaandika kwenye daftari, na kesho yake yamepotea. Hudhaifa anasema ulimi wake umeshakauka. Mimi nimeshika manne, mawili nayachanganya, na bibi akinisikia anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Ila kuna Najma, mjukuu wa Khulud, ana miaka mitano. Huyo hakuna aliyemwita kwenye somo. Alipanda tu kitandani kwa sababu Mwamvita alikuwa ameweka pakiti ya biskuti chini ya mto, upande wa mkono mzima, na bibi hakuwa amesahau sharti lake. Mwezi haukuisha, wakawa wanapiga soga wawili hao, sisi tunapitapita na mabeseni.

Ijumaa iliyopita tulijaa tena chumbani, safari hii kwa pilau. Najma akamuuliza Bi Zubeida, kwa Kiarabu, kama kuna panapouma. Bibi akamwekea mkono kichwani, akasema maneno marefu, taratibu, macho yakipita kwa mmoja mmoja wetu. Hakuna aliyethubutu kuinua kiganja. Sote tukamgeukia Mwamvita, na Mwamvita akamgeukia mtoto.

"Anasema hapaumi," akasema Najma. "Halafu anasema Mungu aniweke mie, na nyie wakubwa awape masikio."

Mwamvita alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. "Hiyo sasa ndiyo dua," akasema. "Haya, itikieni."

Tukaitikia, na sauti kubwa ilikuwa yangu.