Kidevu cha Bibi Harusi

Ufundi wa picha niliusotea miaka minne kule Iringa, katika studio ya Mhindi mmoja, nikianza kwa kufagia na kuishia kusafisha picha katika chumba cha giza. Nilirudi Njombe na kamera ya miguu mitatu, kitambaa cheusi na kiburi. Enzi hizo za Mwingereza, aliyetaka picha ya harusi alikuja kwangu, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Kisha akajitokeza yule wa Makambako. Alikuwa mpishi katika hoteli ya njia panda. Kamera aliinunua kwa msafiri, akajifundisha mwenyewe. Mpishi! Nilimwonea kijicho tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Picha zake nyingine zilikuwa na ukungu, nami nilimwonyesha kila mtu, aliyetaka kuona na asiyetaka. Hata hivyo harusi zilianza kunipita, moja baada ya nyingine.

Mdogo wangu wa kike akaposwa na mkulima wa Makambako. Niliagiza filamu mapema, nikashonesha suti, nikamwambia mama kwamba harusi hii nitaipiga picha mimi, mpaka yule bwana arudi kwenye sufuria zake. Mdogo wangu alikuwa akimenya viazi. Alisema taratibu, bila kunitazama:

"Kaka, wewe utaniinua kidevu."

Alisema kweli. Kwetu bibi harusi huinamisha uso siku nzima. Akiinua, watu husema hana haya, anafurahia kumwacha mama yake. Lakini mimi nilifundishwa kwamba picha ni uso, basi nikawa nawashika mabibi harusi kidevu na kuwainua mbele ya wakwe zao. Walinivumilia tu. Yule mpishi, nikaambiwa, hufika siku moja kabla, hukaa jikoni na kina mama, humwuliza bibi harusi anataka kusimama na nani, na kichwa chake hukiacha kilivyo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mdogo wangu akamwita yeye, nami nikanuna wiki nzima.

Harusini nilikwenda kama mgeni, mikono mitupu, nisijue niiweke wapi. Yule mpishi alipotega kamera yake mbele ya kanisa niliomba wingu lije, nikaomba filamu ikwame. Haikukwama. Alimwinamia mdogo wangu wakanong'onezana, kisha akanijia.

"Kamwene, fundi," akanisalimu. "Anataka wewe usimame karibu naye."

Aliniita fundi bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaenda nikasimama, nikimtazama anavyoingia chini ya kitambaa kana kwamba amezaliwa humo.

Picha hiyo ipo ukutani kwa mama. Haina ukungu. Mdogo wangu ameinama, nami nimesimama kando yake, midomo nimeikaza, macho yamejaa machozi. Wageni wakiitazama husema kaka huyu alimpenda sana dada yake, oneni alivyoumia kuachana naye. Mama huitikia kwa fahari na kuwaongezea chai. Mimi sijawahi kuwasahihisha. Mdogo wangu naye anaamini hivyo.