Chupa za Birikani

Zahran aliwalisha wanawe kwa kitu asichokitia mdomoni. Tangu Bi Bahiya alipofungua hoteli yake Kiponda, yeye ndiye mshika ufunguo wa ghala la mvinyo. Ameutundika shingoni kwa uzi mweusi, na hajapata kuonja hata tone. Mgeni akimuuliza ni mvinyo gani unaofaa kwa changu wa kuchoma, Zahran hufumba macho, hunusa kizibo polepole, kisha hurudia maneno ya mgeni wa juzi. Wageni walimwamini mno.

Barazani wenzake hawakumwacha.

"Weye Zahran kama mlinzi wa fungate ya mwenzio. Umekaa mlangoni, usingizi huna, utamu hupati."

"Mshahara napata," alijibu, na kuifunika kofia yake vizuri.

Utamu wa mvinyo hakuujua, lakini hasira zake alizijua. Ukipata joto hununa, na ukishanuna haurudi. Ndiyo maana miezi ya kaskazi, jua linapoyakalia mapaa ya Mji Mkongwe kama mkopeshaji asiyeondoka, yeye alikuwa hatoki ghalani bila kukitazama kiyoyozi.

Kaskazi ya mwaka 2006 ulikuja ugeni wa wakulima na wachuuzi wa mvinyo kutoka Ulaya. Walitanguliza katoni ya chupa zao, wenyewe waje kesho yake kuzionja uani baada ya alasiri. Bi Bahiya alimnyooshea Zahran kidole.

"Chupa hizi zikipata joto, ufunguo huo nnauvua kwa mkono wangu. Utarudi kwenye kahawa yako Darajani."

Zahran alikwishauza kahawa, yeye na dele la marehemu baba yake, mpaka moshi wa makaa ukamtia wekundu wa macho usiotoka. Hakutaka kurudi.

Na umeme nao ukachagua jioni hiyohiyo kukatika. Jenereta ilikohoa, ikakohoa tena, ikafa. Ghala likawa tanuri. Zahran akasimama gizani, akakumbuka matikiti ya Ramadhani: kwao walikuwa wakiyatia birikani tangu asubuhi, na magharibi yakitoka yana baridi ya kuuma meno. Chini ya ngazi ya hoteli kulikuwa na birika la zamani, tangi la maji lililochimbwa ardhini, refu kwenda chini, lisilopata kuona jua. Akazishusha chupa moja moja. Ya kwanza alitaka kuishusha kwa Bismillahi, akakumbuka ameshika nini, akauma ulimi.

Asubuhi maji yalikuwa baridi, chupa zilikuwa baridi, na karatasi zote za majina zilikuwa zikielea juu, zimelainika kama chapati kwenye mchuzi. Chupa zenyewe zilikaa uchi, zinafanana kama watoto wa chuoni.

Kwenye mlango wa jikoni akamkuta Pandu, mzee wa Bwejuu aliyekuwa akiwaletea pweza na kuondoka na vizibo vilivyotumika, avifanye maboya ya mshipi wake wa kuvulia.

"Shikamoo, Mzee Pandu."

"Marahaba. Mbona uso umekunja, umefiwa?"

"Bado. Nasubiri alasiri."

Akamweleza. Pandu akacheka mpaka akashika ukuta. "Wape tu wanywe. Mtu na mwanawe hawapotezani."

Alasiri Zahran alizifunga chupa kwa vitambaa vya meza, akafungua ya kwanza, akanusa, akamimina. Wageni wakapiga makofi. Kumbe kuficha jina ni mchezo wao wa siku zote. Bi Odile, mkulima wa zabibu kutoka Ufaransa, mama mzima mwenye mikono mikavu, ambaye wakati wa chakula cha mchana alikuwa akiwaeleza wenzake jinsi hali ya hewa inavyobadilisha mvinyo, akasukutua kinywa na kutema ndooni. Zahran aliwapenda sana hawa wanaotema. Aliwaona karibu ni ndugu.

"Nchi ya jua kali," alisema Bi Odile. "Afrika Kusini. Zabibu zimeiva mpaka zimechoka."

"Australia," alisema Mholanzi mmoja.

Wote wakamgeukia Zahran awape jibu. Angeweza kutaja nchi yoyote, mambo yakapita. Akaushika ufunguo wake.

"Sijui," alisema kwa Kiingereza chake cha mezani. "Nilizitia birikani. Karatasi zimebanduka."

Bi Bahiya akainuka kitini. Mholanzi akacheka. "Kizibo kimeandikwa jina, bwana! Kiko wapi?"

Miaka yote ile Zahran alikuwa akinusa macho kayafumba.

Kizibo kilikuwa tayari jikoni kwa Pandu, aliyebaki kusubiri vizibo vya siku hiyo. "Hiki nshakitoboa," alilalamika mzee, akaja nacho uani kikining'inia kwenye mshipi. Bi Odile akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena. Lilikuwa jina la shamba lake mwenyewe, na mwaka 2003.

"Mwaka ule jua lilituunguza," alisema mwishowe. "Babu yangu alikuwa akichuma zabibu amevaa koti. Sisi tulichuma Agosti, vitambaa kichwani. Jambo hili nalihubiri kila mkutano. Leo ndiyo nimelionja."

"Anasemaje?" alinong'ona Pandu.

"Kampoteza mwanawe."

Pandu akamtazama mama yule kwa huruma. "Hajampoteza. Kakulia juani tu."

Zahran akamfasiria. Bi Odile akacheka huku akifuta macho, na kizibo akakirudisha kwa mwenye mshipi, shingo upande.

Bi Bahiya hakucheka. Alimwendea Zahran, akaufungua uzi mweusi shingoni mwake, akaushika ufunguo kiganjani. Kisha akaigusa chupa iliyofuata. Akaigusa tena kwa kiganja kizima.

"Baridi," alisema.

"Naam, Bi Bahiya."

"Nilikwambia zisipate joto. Ya karatasi sikukwambia." Akamvika ufunguo tena, akaukaza uzi zaidi ya ilivyohitajika. "Lakini kuanzia leo, weye, unuse macho wazi."

Zahran akaizibua chupa ya pili, akakileta kizibo puani, macho kayakodoa kama mtu aliyeona shetani, akaanza kusoma herufi moja moja.