Dizeli Iliyopotea Chini ya Kufuli

Madereva wa barabara ile walimwita Mama Nozeli, na yeye aliitikia kana kwamba alizaliwa na jina hilo. Hakuwa na mtoto aitwaye Nozeli, jamani. Sababu ni kwamba ukimpelekea injini ya dizeli inayotoa moshi mweusi, kitu cha kwanza alichofungua kilikuwa nozeli, kile kipuli kinachonyunyizia dizeli ndani ya injini, na cha pili kilikuwa mdomo wake, akueleze jinsi ulivyoitesa injini ya watu mpaka ikafika hapo. Kujisifu hakukumtia haya. Kibanda chake cha mabati kilinuka grisi kuanzia mlangoni, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na ole wake mteja aliyechomoa moja akairudisha penye nafasi ya nyingine.

Mteja mmoja tu alikuwa hajawahi kumpata, naye ni shemeji yake. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, mwenye shamba na mwenye trekta, trekta kuukuu ambalo rangi yake ilikuwa imebaki kwenye boneti peke yake. Aliapa kwamba mke wa mdogo wake hatamfungulia injini ng'o. Hakumchukia, la. "Nikigombana na fundi nitamfukuza," alikuwa akisema. "Nikigombana na shemeji nitamfukuza vipi?" Kwa hiyo kila trekta lilipokohoa alilitibu mwenyewe, kwa waya, vipande vya mpira wa tairi, na kichwa kigumu.

Dereva wa trekta hilo alikuwa mume wa Mama Nozeli. Mtu mkimya, wa kufika kazini kabla ya wengine na kulifuta trekta vumbi jioni hata kama kesho yake litachafuka tena. Miaka yote aliyolima shamba la kaka yake hakuna aliyewahi kumwinulia sauti, mpaka msimu huu dizeli ilipoanza kupotea.

Tangi lilijazwa vizuri, lakini kila jioni geji ilikuwa imeshuka kupita kazi iliyofanyika. Chini ya trekta hapakuwa na hata tone. Kaka mkubwa akachunguza mabomba kwa kidole, akakuta yamekauka. Akatia kufuli kwenye kifuniko cha tangi na ufunguo akauning'iniza shingoni. Dizeli ikaendelea kupotea. Mtu mwingine angesema, ah, basi si mwizi. Yeye akasema mdogo wake amechonga ufunguo wa pili. Mtu akishaamua kwamba wewe ni mwizi, hata kufuli hugeuka shahidi dhidi yako.

Akamwita mdogo wake mwizi uani, mchana kweupe, kwa sauti iliyowasimamisha vibarua na majembe yao mabegani. Mama yao mzazi alikuwa barazani akichambua maharage. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alifoka kaka mkubwa. "Keshokutwa anakuja dereva mwingine. Wewe kaa nyumbani." Mdogo mtu aliweka funguo za trekta juu ya kiti, akaondoka.

Na sasa tuseme lile ambalo Mama Nozeli hakumwambia mtu. Usiku ule alinusa shati la mumewe. Lilinuka dizeli, na shati la dereva wa trekta linuke nini, waridi? Lakini alilinusa. Kisha akamuuliza polepole, wakiwa wawili tu, "Niambie ukweli, baba. Kama kuna shida, niambie." Mume akamtazama, akajibu, "Na wewe pia?" Tangu hapo alikula akiwa ameinamia sahani yake. Hilo lilimkata maini Mama Nozeli, kwa sababu hakuwa na uhakika, na yeye hakuzoea kukosa uhakika.

Kesho yake akabeba sanduku lake la spana, akaenda kwa shemeji bila kuitwa.

"Shemeji, nimekuja kukagua trekta."

"Trekta haliumwi. Anayeumwa ni dereva."

"Basi hupotezi kitu nikilitazama. Nikikuta halivuji, dereva mpya nitampokea mimi mwenyewe, na maji ya kunywa nitamletea."

Shemeji alikubali, kwa vile alikuwa na hakika kabisa. Akavuta kigoda akakaa karibu, kama mtu aliyekuja kutazama mpira ambao matokeo yake anayajua.

Mama Nozeli aliifuta injini kwa kitambaa mpaka ikakauka, kisha akatoa unga kwenye mfuko akaupulizia juu ya mabomba, nati, na viungo vyote vinavyopitisha dizeli.

"Unatengeneza trekta au unaoka mkate?" shemeji akauliza.

"Dizeli ikipita kwenye unga, unga unalowa. Ukitegemea macho, utaona inapodondokea, hutaona inapotokea. Washa."

Injini ikanguruma. Wakangoja. Unga ukabaki mweupe kila mahali. Mama Nozeli akachungulia huku, akachungulia kule, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakujua afungue nini kwenye injini. Kama hakuna kinachovuja, basi mumewe ni mwizi, na yeye ndiye atakayekuwa amelithibitisha.

"Umeona?" shemeji akasema, akizima injini. Ushindi ulikuwa umemlegeza ulimi. "Injini nzima hii. Mimi nalijua trekta langu. Tangu msimu uliopita sijaongeza oili hata tone! Kila nikipima imejaa. Tena juzi nimekuta imezidi."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Mama Nozeli. "Imezidi?"

"Imepita alama ya juu. Hiyo ni baraka ya mtu anayetunza chombo chake."

"Shemeji, umeona wapi mtungi unaongezeka maji bila mtu kwenda kuteka?"

Hakungoja jibu. Alingoja kidogo tu oili iteremke, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa juu ya alama kwa kidole kizima, na ilitiririka kwenye kijiti, nyepesi kama maji. Akanusa, akamsogezea shemeji puani.

"Nusa."

Shemeji akanusa. Akanusa tena. "Dizeli," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu. Akatazama kufuli lake pale juu ya tangi, akatazama kijiti.

"Kufuli uliweka juu," Mama Nozeli akasema. "Mwizi alipita chini."

Ujasiri wote ulikuwa umemrudia, na akapiga magoti ubavuni mwa injini akijua hasa anakokwenda. Hapo pana pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kiwambo kikipasuka, dizeli hupita, na waliounda pampu walilijua hilo, wakaacha tundu dogo kwa chini ili dizeli idondoke nje na mwenye trekta aone. Mama Nozeli akalitafuta tundu kwa ncha ya kidole asilipate. Akachukua waya, akachokonoa, na kikamdondokea kiganjani kipande kigumu, cheupe. Akakinusa nacho.

"Nani ameweka sabuni hapa?"

Shemeji akakohoa. Akawatazama kuku.

"Shemeji, nimeuliza."

"Palikuwa panadondosha, mwaka jana," akasema. "Nikaziba na kipande cha sabuni ya kufulia. Na pakakoma kabisa! Kila dereva anaziba kwa sabuni, hata wewe."

Kweli, hata yeye. Tangi likitoboka njiani, unalisugua sabuni na unafika nyumbani, kwa kuwa dizeli haiyeyushi sabuni. "Lakini ile ni tangi," alisema. "Hili tundu halikuwa kidonda. Hili ndilo lililokuwa likikuambia kuna kidonda. Umelinyamazisha, dizeli ikakosa pa kutokea, ikaingia ndani kwenye oili. Mficha maradhi, shemeji, malizia mwenyewe."

Mama Nozeli alitaka kucheka, na furaha ilimjaa kifuani kweli kweli, lakini nyuma ya furaha ikaja aibu: mumewe hakuiba, na yeye alinusa shati.

Alifunga koki ya tangi, akafungua pampu, akamwonyesha shemeji kiwambo chenye mpasuko pembeni. Kwenye sanduku lake alikuwa nacho kipya. Oili yote akaimwaga, maana injini inayozunguka kwenye oili ya namna ile hujisaga yenyewe mpaka ife, na shemeji, ambaye hajawahi kutumwa na mtu, akatumwa oili mpya na chujio akaenda. Walipomaliza kufunga, Mama Nozeli alilegeza skrubu ya kutolea hewa, akapampu kwa mkono. Povu likatoka, likatoka, kisha dizeli safi. Akakaza. Injini ikashika mara moja, na tundu lile, sasa likiwa wazi, lilibaki kavu.

"Kazi nzuri," shemeji akasema baada ya kuzima. "Mwambie mdogo wangu aje kazini. Yaishe hapa hapa."

"Mimi ni fundi wa injini tu. Hilo lingine ni nati yako, ikaze mwenyewe."

Mume akaitwa, akaja, akasimama mbali kidogo na mikono nyuma. Ilikuwa saa ya vibarua kurudi, nao wakasimama kulekule walikosimama siku ile. Mama mzazi akateremka kutoka barazani, akakaa kwenye kigoda alichoacha mwanawe.

Kaka mkubwa akalitazama gurudumu. "Mdogo wangu," alinong'ona, "ile dizeli ilikuwa inaingia kwenye oili. Hukuiba."

"Anasemaje?" mama akauliza, akitega sikio kwa kiganja.

Kaka mkubwa akarudia, kwa sauti kidogo.

"Sisikii. Hiyo injini inanguruma."

Injini ilikuwa imezimwa zamani. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kaka mkubwa akavuta pumzi, akapasua koo:

"Mdogo wangu hakuiba! Ni mimi niliyeziba tundu! Nisamehe!"

Kuku wakatawanyika. Ng'ambo ya uzio jirani akainuka na kikombe chake mkononi.

Mama akashusha kiganja. "Nilisikia mara ya kwanza," akasema kwa sauti ya kawaida. "Lakini mwizi ulimwita kwa sauti hiyo. Hata msamaha nao ufike kote kule."

Vibarua wakaangua kicheko, na kaka mkubwa, japo uso ulimwiva, mwishowe akacheka pia. Akatoa funguo za trekta mfukoni, akampa mdogo wake kwa mikono miwili. Mume akapanda kwenye kiti chake, akaugusa usukani.

Mama Nozeli akazunguka upande wa pili wa trekta, pasipo na watu, akasimama karibu na goti la mumewe. Kosa lake yeye hakulipigia kelele. Alilisema chini chini, kwa vile hata kumshuku alimshuku chini chini.

"Nami nilikushuku. Nilinusa shati lako. Nisamehe, baba."

Mume akaondoa mkono kwenye usukani.

"Nimesikia," akasema, na akajisogeza kumpa nafasi ya kukaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma.