Siku Tuliyompelekea Profesa Shati

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa bado anatambaa, nikamlea mimi. Masomo yangu yaliishia darasa la saba nikakaa kwenye cherehani. Yeye akasonga mbele, shahada ya kwanza, ya pili, zote akizisoma jioni baada ya kazi, na sikuwahi kumsikia akijisifu. Ukimkuta darasani utafurahi. Watoto wasiosikia vizuri amewaketisha mbele, naye husimama mwanga wa dirisha umwangukie usoni ili waone midomo yake. Haongei akiwa ameelekea ubaoni. Anaandika, anageuka, ndipo anasema.

Ni kwa ajili ya watoto hao alitaka kusomea uzamivu. Aliomba nafasi chuo kikuu, akamwandikia profesa ambaye ndiye pekee pale anayeshughulika na mambo hayo. Akajibiwa kwamba ombi limefika na litapelekwa kwenye kamati. Baada ya hapo, kimya. Mdogo wangu akawa mtu wa kushika simu, kuiweka, kuishika tena. Chakula anakidokoa tu. Nilimwombea kila alfajiri, lakini moyo wangu haukutulia.

Kwetu mtu hajiombei jambo kubwa mwenyewe. Kaka yetu alipotaka kazi ya karakana, baba ndiye aliyekwenda kuongea na msimamizi. Wanangu walipotafuta shule, nilikwenda mimi kwa mwalimu mkuu, tukaongea, tukaelewana. Nikajiambia, huyu mtoto anahangaika kwa kuwa hana mtu mzima wa kumsemea. Mtoto mwenyewe ana mvi, lakini ndivyo nilivyowaza.

Nikamweleza wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia.

"Twende," akasema kabla sijamaliza. "Ila hatuendi mikono mitupu kama watu wa sensa."

Picha ya profesa nilishaiona kwenye simu ya mdogo wangu. Nikayapima mabega yake kwa macho, nikamshonea shati jeupe la mikono mirefu, kola nimeipiga mshono mara mbili. Mdogo wangu hatukumwambia. Tulitaka ashtukie furaha.

Tulimkuta profesa ofisini kwake chuoni. Alikuwa mwembamba, miwani ameining'iniza kifuani kwa kamba. Alituondolea makaratasi vitini kwa mikono yake mwenyewe.

"Karibuni, mama zangu. Niwasaidie nini?"

"Tumekuja kumsemea binti yetu," Redio akaanza. Akataja jina lake, shule anayofundisha, na hata kwamba utotoni hakuwa mtu wa kulialia. "Mpole, hana makelele, si kama mimi. Tunakuomba umpokee."

Profesa akaacha kutabasamu. Nikadhani hatujasema vya kutosha. Nikalitoa shati nikaliweka mezani.

"Hili lako, mwanangu. Likikubana mabegani nitalilegeza."

Alirudi nyuma na kiti chake kama mtu aliyewekewa nyoka. Akainuka, akaufungua mlango wazi kabisa, akamwita katibu wake aje asimame ndani pamoja nasi.

"Mama, nani amewatuma?"

"Hakuna. Tumejituma."

"Yeye anajua mko hapa?"

"Hajui."

Akashusha pumzi. "Mimi ni mmoja wa wanaoamua nani apokelewe. Mwombaji akituma watu kwangu, tena na zawadi, jina lake linaondolewa. Lazima niieleze kamati leo hii. Nikinyamaza, na mimi nimo."

Tangu niolewe kwao sikuwahi kumwona Redio amenyamaza. Siku hiyo alikaa mdomo wazi, hakitoki kitu.

"Basi liondoe jina langu," nikasema, "lake uliache."

"Jina lako halimo, mama."

"Shati nalichukua."

"Lichukue. Lakini nimeshaliona."

Tulimkuta mdogo wangu nyumbani anasahihisha madaftari. Nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni. "Dada, usinitanie," akasema huku anacheka. Kisha akamtazama Redio, akaona hasemi neno, akajua ni kweli. Akatoka kwenye kiti akakaa sakafuni.

"Shati?" akauliza.

"Jeupe," nikamjibu. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Hakulia wala hakunifokea. Afadhali angefoka.

Kamati ikamwita, na mimi ikaniita. Njiani nikamsihi, "Nikane. Sema mimi ni jirani tu, fundi wa nguo, kichwa hakijatulia."

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole, macho makali. Akamuuliza kama alijua. Mdogo wangu akasema hakujua.

"Na huyu ni nani wako?"

Nikainamisha uso, nikingojea kukanwa.

"Ni mama yangu."

Nilishika ukingo wa meza. Maisha yake yote ameniita dada.

Mwenyekiti akapekua karatasi. "Hapa umeandika mama yako alifariki."

"Alifariki. Huyu ndiye niliyebaki naye."

Walimwamini, Mungu awabariki. Lakini ombi la mwaka ule likafungwa palepale. Anaruhusiwa kuomba upya mwakani, na profesa yule hataketi watakapomjadili. Mwaka mzima umekwenda, kwa mikono yangu niliyodhani inamsaidia. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, nikasimama kando ya barabara bila kuvuka.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Akanishika mkono.

"Mwakani naomba tena," akasema. "Ila siku hiyo nitakufungia ndani, na ufunguo nitaondoka nao."

"Nifungie," nikasema. "Nifungie kabisa."

Tukavuka.