Wafalme Watatu wa Tadao

Kwa nini mtu aliyeshika karata bora mezani anyamaze kama mwizi?

Tadao Nishikubo angekujibu kwamba hiyo ndiyo akili yenyewe. Mzee huyo wa miaka sabini na moja, mtunza bustani mstaafu wa Gardena, California, kila asubuhi saa nne alikuwa kwenye jumba la karata, kiti cha sita. Meza yao ilikuwa ya dau lililopimwa: dola mbili raundi za mwanzo, nne za mwisho, na anayeongeza huongeza kiasi hicho hicho tu. Tadao akipata karata kali, alipita raundi bila kuweka dau, uso umepoa kama uji wa jana, akingoja wengine wanase.

Mchezo alijifunza ujanani, kambini, miaka ile ya vita serikali ilipowafungia Wajapani wa Marekani nyuma ya seng'enge. Waliowafungia watu wasio na kosa waliwafundisha pia kunyamaza. Seng'enge iliondolewa zamani. Ukimya Tadao alitoka nao.

Kiti cha tatu alikaa Fumie Okazawa, mjane aliyeshona magauni ya harusi miaka thelathini. Alicheka kwa sauti, alicheza karata mbovu bila haya, na kila siku alileta matonge mawili ya wali yaliyofichwa tunda la plamu la chumvi ndani. Moja alikula. La pili aliliweka kando ya kikombe cha Tadao, bila kumtazama, huku akimsema mtu mwingine.

Miaka mitatu nyuma mpersimoni, mti wa matunda ya rangi ya chungwa, ulikauka uani kwa Fumie. "Mume wangu aliupanda," alisema siku ile, na siku ile hakucheka. Jioni hiyo Tadao alikata kitawi cha mpersimoni wake, akakipandikiza kwenye mche, akauotesha ndani ya debe. Alipanga kumpa siku utakapozaa, ndipo amwambie na lile la moyoni. Oktoba hii mti ulitoa tunda moja. Tadao akaona heri angoje liive.

Alhamisi akagawiwa karata zake mbili za siri: wafalme wawili. Akalipa dau la kawaida, hakuongeza. Mgawaji akafunua karata tatu za mezani, za wote: mfalme, nane, mbili. Wafalme watatu! Lakini kidole chake kikagonga meza taratibu: napita.

"Nami napita," Fumie akasema, bila kicheko, kama wiki ile nzima.

"Mzee Nishikubo kalala," akacheka Ledbetter, aliyekuwa tarishi wa posta na aliyeketi katikati yao. "Mwamsheni, chakula tayari." Naye akapita.

Karata ya nne ikaja: saba. Sasa Tadao akaweka dau. Fumie akalipa, huku akifyonya; Ledbetter akatupa zake. Ya tano: tisa. Tadao akaweka tena.

"Naongeza," Fumie akasema.

Tadao akalipa, akafunua wafalme wake kwa fahari. Fumie akaweka zake, tano na sita. Tano, sita, saba, nane, tisa, zimepangana kama ngazi, na ngazi huwashinda wafalme watatu.

"Aisee!" Ledbetter akapiga paja. "Mzee kauawa na kucha zake mwenyewe."

Fumie hakuvuta sarafu za plastiki alizoshinda. Alimtazama Tadao moja kwa moja.

"Bwana Tadao, zile tatu zilipofunuliwa mimi nilikuwa na nini? Sikuwa na kitu. Dola mbili tu ungeweka, ningetupa. Ile saba umenipa bure."

"Nilitaka mbaki wengi mezani, Bi Fumie."

"Unatakaga hivyo daima. Mtu anakaa karibu nawe mwaka, miaka, hajui umeshika nini." Akakunja kitambaa cha matonge, akakikunja tena. "Basi jua, kesho saa mbili asubuhi binti yangu ananichukua. Nahamia kwake Sacramento. Nyumba imeshauzwa."

"Kesho?" Tadao akasema.

"Nilikuwa nangoja nisikie mtu akiniuliza mbona nimenyamaza wiki nzima."

Tadao alikuwa na maneno, alikuwa nayo mengi. Kidole chake kikagonga meza, taratibu, kama kilivyozoea.

Usiku ule alikaa jikoni akilitazama debe, na tonge la mwisho likimkaukia kwenye sahani. Hakulila. Aliona akilila limekwisha.

Asubuhi akapakia debe kwenye gari lake la kazi. Alipoingia mtaa wa Fumie, gari la binti lilikuwa limeshatoka uani, linakwenda zake, na kichwa cheupe cha Fumie kinaonekana kwenye kioo cha nyuma. Tunda lilikuwa bado kijani upande mmoja. Tadao akalitazama, akalitazama gari, kisha akaulaza mkono mzima juu ya honi. Katika mtaa ule wa watu wapole, mzee aliyenyamaza miaka hamsini alipiga kelele mpaka mbwa wakajibu na jirani akatoka na mswaki mdomoni. Hakuuondoa mkono.

Kabla ya kona, taa nyekundu za gari la mbele zikawaka. Gari likasimama. Mlango wa abiria ukafunguka.