Nondo Wawili Kwenye Shuka la Mjerumani

Mnataka kucheka, chekeni. Mimi sisimulii ya kuambiwa. Haya yalinipata mwenyewe, huko Mlali, enzi za Mjerumani. Anayetaka hadithi za sungura akatafute bibi mwingine.

Babu yenu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekusanya wadudu. Watu walimwita Bwana Nondo. Kipupwe kikielekea kwisha, migunga haina hata jani, yeye kila usiku hutundika shuka jeupe, akawasha taa mbele yake, nondo waje watue. Kisha hufungua kitabu kikubwa, awatazame mmoja mmoja awajue majina. Anayempendeza, chupani! Humo mlikuwa na dawa ya kuua, harufu yake inakwama kooni.

Baridi ikarudi kwa nguvu, nondo wakaadimika. Ndipo akaniagiza pombe ya mtama, ichanganywe na asali, nikaipake kwenye magome ya miti. Ati nondo ni walevi. Jamani! Kwetu Wagogo pombe haipakwi mtini usiku hivihivi. Hiyo ni kuita mizimu ya ukoo, na ukiiita uwe na haja. Babu yenu akasema, "Mke wangu, kazi ni kazi." Na mimi nina mimba kubwa, baada ya mbili kuharibika! Nikapaka, mti kwa mti.

Niaminini, hatukukaa sana. Kwenye mti wa mwisho nikamwona kikongwe analamba gome. Nondo wamemjaa usoni, wala hawafukuzi. Nikamwamkia, "Mbukwa, bibi." Akageuka. Alikuwa bibi yangu mzaa mama, ambaye nilisimama kaburini kwake!

"Umeniita," akasema. "Nimekuletea wanao."

Akaelekea kwenye shuka la Bwana Nondo, nami nyuma yake. Akapita mbele ya taa, na kivuli chake hakikuonekana kwenye shuka. Nyuma yake wakatua nondo wawili, weupe, wadogo, wamegusana mabawa.

Bwana Nondo hakumwona kabisa. Aliwaona hao wawili tu. Akacheka kwa furaha, akamfunika mmoja kwa chupa.

"Bwana, mwache! Ni mwanangu!"

"Nyamaza, bibi, utamfukuza huyu wa pili."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nikaipiga taa teke. Giza likatumeza. Nikahisi mabawa yananigusa tumboni, na uchungu ukanishika palepale.

Asubuhi babu yenu alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Mjerumani, kwa ajili ya ile taa. Mimi nilikuwa nimejifungua pacha. Mmoja alilia mpaka majirani wakaja. Wa pili hakulia. Nilipomkumbatia alikuwa ananuka ile dawa ya chupa.

Aliyelia ndiye baba yenu. Mpaka leo halali taa ikiwaka, na usingizini anaongea na mtu tusiyemwona. Mwenzake nilimzika, lakini roho inaniuma, maana najua nilizika mwili mtupu. Mwenyewe alichomwa sindano, akapewa jina la Kizungu, akapelekwa Ulaya ndani ya sanduku.

Kwa hiyo nondo akiingia kwenu usiku wa baridi, ole wake atakayempiga. Fungueni mlango, mwacheni aende zake. Hamjui ni wa nani.